Muuza Kahawa wa Madele Matatu

Ukitaka kumkasirisha Muuza Kahawa wa Mbugani, mtaani kwetu Kyela, hukuwa na haja ya kumtukana. Ulitakiwa tu ufike, ukae, useme, "Nipe kahawa." Angekutazama kama mtu aliyeingia duka la vitambaa akasema nipe nguo. Kahawa ipi? Kama hukuwa na jibu alikuacha hapo kwenye benchi mpaka ulipate, akawahudumia waliokuja nyuma yako, tena kwa upole wa makusudi ili uone ulichokosa.

Alikuwa na madele matatu, yale mabirika marefu ya shaba, kila moja juu ya jiko lake la mkaa mbele ya nyumba. La kwanza lilikuwa la kahawa ya milimani, kutoka kwa shemeji yake anayekaa juu ya Tukuyu: imemenywa, ikavundikwa, ikaoshwa kwa maji ya mto. La pili lilikuwa la buni, yaani kahawa iliyoanikwa na nyama yake na ganda lake mpaka ikakauka kama kinyesi cha mbuzi. Maneno ni yake, si yangu. La tatu lilikuwa la ng'ambo, kutoka milima ya Malawi, na kahawa hiyo iliingia nchini ikiwa imelala chini ya mifuko ya sukari. Ofisa wa mpakani alilijua hilo vizuri sana, maana alikuwa anakaa benchi la mbele.

Mimi nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo kabla maisha hayajaanza, na mapumziko hayo mpaka leo hayajaisha. Niliweka cherehani dirishani, na dirisha langu lilitazama uani kwake, kwa hiyo niliyoyaona ya dunia niliyaona kupitia moshi wa kahawa. Yeye aliniita Dirisha. Wageni walidhani ndilo jina langu. Mmoja aliwahi kuleta suruali ya kupunguzwa akaniita Bi Dirisha, kwa heshima zote, nami nikaitika.

Kwake mabenchi yalikuwa ya wanaume, lakini mimi nilipata kikombe changu juu ya ukuta, bure, kwa sharti moja: nitaje ni ipi. Alininyooshea na kusubiri, kofia yake imeinama upande mmoja. Nilionja, nikakunja uso kama mtu anayefikiri, nikasema ya milimani. Nilisema ya milimani kila siku, kwa sababu mtu akishikilia jibu moja lazima kuna siku atapata. Siku nikipata alijua kwamba nimepata kwa bahati tu, na ilimuudhi zaidi kuliko nilipokosa. Alisema ulimi wangu uliumbwa kwa ajili ya wali. Kwa mtu wa Kyela hilo si tusi, nikamwambia, na yeye akajibu kwamba ndiyo maana Kyela haitaendelea.

Fundisho lake lilikuwa fupi, na alilirudia kwa yeyote aliyekaa muda wa kutosha. Tunda ni lile lile jekundu, mti ni ule ule. Ladha inatoka kwenye kile watu wa mahali pale wanachofanya baada ya kuchuma. Wa milimani wana mito, wana ukungu, kwa hiyo wanamenya siku ile ile, wanaziacha punje ndani ya pipa mpaka ute uachie, kisha wanaosha. Kahawa yao ikatoka nyepesi, kali kidogo pembeni mwa ulimi, kama chungwa ambalo halijamaliza kuiva. Wa miteremko ya chini, mto uko mbali na ndoo ni nzito, kwa hiyo wanaanika tunda zima juani, na punje inakunywa utamu wa nyama yake siku nyingi. Ikatoka nzito, na harufu ya ndizi iliyosahauliwa kabatini. Wa ng'ambo wanaosha, halafu wanailaza tena kwenye maji safi kana kwamba hawakuamini mara ya kwanza, na yao ikatoka tulivu, laini, haina neno na mtu.

"Ya milimani inakuamsha," alisema, "buni inakukalisha, ya ng'ambo inakusindikiza nyumbani." Nilimsikia akisema hivyo mpaka nikawa namalizia mimi kutoka dirishani. Akaanza kubadilisha mpangilio ili nikosee.

Sukari hakuruhusu. Mkewe aliuza kashata pembeni, na mtu aliyetaka utamu alitakiwa autafune kivyake, mbali na kikombe. Mchuuzi mmoja wa mchele kutoka Bondeni, mnene, mcheshi, mteja wa kila siku wa kahawa ya milimani, alikuja siku moja na sukari yake kwenye kikaratasi, akaimimina akidhani haonekani. Alifukuzwa benchini mbele ya watu. Alirudi baada ya mfungo wa Ramadhani kwisha, ameleta mkungu wa ndizi kama mtu anayekwenda kuposa, akasamehewa. Tangu hapo alikuwa anawafundisha wengine ubaya wa sukari kwa sauti kubwa kuliko mwenyewe.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Yule bwana alikuwa na majivuno ya kutosha tarafa nzima. Wazee wake walitoka pwani, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, alikicheka Kiswahili chetu kila tulipofungua mdomo. Kinyakyusa chake, baada ya miaka yote ile ya kuoa huku, kilikuwa ni "ndaga fijo" peke yake, yaani asante sana. Aliitumia kushukuru, kuaga, na kumwondoa mtu aliyemchosha. Sifa ya ukaangaji ilikuwa yake mji mzima, lakini aliyekaanga ni mkewe. Yeye alisimama kando, ameinamisha kichwa, akisikiliza punje zinavyopasuka, akisema "bado, bado, sasa." Yeye alisikiliza, mkewe aliungua.

Na kuna hili, ambalo mkewe alinong'ona ukutani huku akicheka mpaka akashika mbavu: yule bwana aliyesema buni ni kahawa ya wavivu wa kuchota maji, asubuhi kabla ya watu kufika, alikunywa buni. Kikombe kimoja, amegeukia ukuta. Nilimtania siku moja kwamba nimeona. Akaniambia kwamba dirisha zuri ni lile lenye pazia.

Enzi za chama cha ushirika, kahawa yote ilikuwa ya chama. Mkulima alipeleka huko, chama kikapima, kikapanga madaraja, na iliyovundikwa vibaya ilirudishwa, mwenyewe akaona aibu mbele ya majirani. Muuza Kahawa alipata debe zake kwa mlango wa nyuma, na alilalamika kila siku ya Mungu. Chama kinachelewa kulipa, chama kinamfanya mtu mzima anyemelee kama mwizi wa kuku. Ndoto yake ilikuwa kununua mchana kweupe, gunia zima, kutoka kwa mtu anayemjua, na kuiuza kwa jina la ilikotoka.

Redio ilipotangaza kwamba sasa ni soko huria, kwamba yeyote mwenye fedha anaweza kununua mazao, yule bwana mchoyo alimimina kahawa bure kutwa nzima. Madele yote matatu. Alikuwa anaingia na kutoka ndani ya nyumba bila sababu. Akaniita mpaka mimi nitoke nje, nikatoka, jambo ambalo mtaani lilizungumzwa karibu kama lile tangazo lenyewe. Aliniambia kwamba sasa kahawa itajulikana kwa majina yake, na mkulima mzuri atalipwa kuliko mbaya, na watu watakuja Kyela kutoka mbali kukaa kwenye benchi hili.

Watu wa mbali walikuja kweli, ila walipita. Walikuja na malori, wakapanda milimani. Wakaweka mizani barabarani na kununua iliyooshwa, isiyooshwa, iliyokauka, iliyolowa, bei moja, fedha mkononi. Kampuni moja ilikuwa inakimbizana na nyingine, na aliyesimama kuangalia ubora aliondoka na gari tupu. Mkulima hakuwa mjinga. Kwa nini akeshe na pipa, achote maji, apindue punje juani, wakati jirani yake amemenya asubuhi, akaanika na ute wake, akauza ikiwa bado inanata na akalipwa sawasawa? Baada ya misimu michache pipa la kuvundikia kahawa lilikuwa la kunyweshea ng'ombe. Wa buni nao wakaanza kukwangua mti mzima, mbivu na mbichi pamoja. Hata ya ng'ambo ilianza kuvuka ikiwa imechanganywa na nini sijui, maana malori yalikuwa yanangoja upande huu na hayakuuliza.

Muuza Kahawa alilijua kwanza kwa mkono. Alitumbukiza kiganja kwenye gunia la shemeji yake, akakitoa kinanata, akakitazama kama amekitia kwenye kitu cha mtu mwingine. Akakaanga hivyo hivyo. Siku ile aliponinyooshea kikombe hakuniuliza ni ipi.

Alipanda Tukuyu kuzungumza na shemeji. Mkewe alikwenda naye, na habari za huko ninazo kutoka kwake. Walipokelewa vizuri, wakapikiwa, na baada ya chakula mume akaanza kulaumu: kwamba kahawa inanuka gunia, kwamba wazee wa milimani wangeona haya. Shemeji, mtu wa maneno machache, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Lori halionji, shemeji. Lori linapima."

Mume akasema yeye anaonja. Shemeji akakubali, akasema ni kweli, kisha akauliza, yeye huchukua debe ngapi kwa mwaka? Watoto wa nyumba hii wale hizo debe? Halafu akaongeza, bila hasira, kwamba akiletewa wanywaji ataosha. Alete wanywaji tu.

Mume aliteremka amekasirika, na kwa kuwa alikuwa na majivuno yale niliyoyasema, aliamua kwamba kama milima haioshi, ataosha yeye. Msimu uliofuata alimwomba shemeji ile mashine yake ya zamani ya mkono ya kumenyea, ambayo ilikuwa imeanza kuota kutu, akanunua matunda mekundu, akayateremsha Mbugani kwenye pikapu. Sasa, mtu yeyote anayeishi Kyela anajua joto letu. Huku nguo inakauka kabla hujamaliza kuianika, na maziwa yanaganda ukiyatazama. Matunda yalifika ndani ya magunia yakiwa tayari ya moto, kama mgonjwa.

Alimenya uani, mimi dirishani nikiangalia na sindano mkononi. Akajaza mapipa. Milimani, kwenye baridi, huachwa hata siku tatu mpaka ute uachie. Kwa hiyo na yeye akasema siku tatu. Mkewe, ambaye amezaliwa kwenye kahawa hizo, alimwambia kesho yake tu asubuhi atie mkono asikie. Zikikwaruzana kama changarawe zimekuwa tayari, zioshwe. Yeye akasema kaka yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha, siku tatu. Mkewe akamwambia kule kuna ukungu, hapa kuna nini? Yeye akafunika mapipa. Mtu aliyetumia nusu ya maisha akituambia kwamba ladha ni mahali, alikuwa uani kwake anavundika kahawa ya Kyela kwa saa ya Tukuyu.

Siku ya pili nzi walifika. Siku ya tatu akafika balozi wa nyumba kumi, mpole, akiuliza kama kuna mtu anapika gongo maana watu wanasema. Nilifunga dirisha kwa mara ya kwanza tangu niweke cherehani pale. Ilikuwa harufu ya siki na soksi na kitu kingine nisichokuwa na jina lake. Aliosha, akaosha tena, akaanika, akatwanga kwenye kinu kuondoa maganda, mkewe akakaanga. Mume akaonja. Mkewe anasema alitema, akakaa kwenye kigoda, akakaa, mpaka jua likahama.

Mtu mwingine angemwaga. Yeye, jioni iliyofuata, aliijaza ile kahawa iliyooza ndani ya madele yote matatu, akawasha majiko matatu, akakaa nyuma yake, akangoja. Hakumwambia mtu. Hata mkewe hakuambiwa kwa nini.

Wakaja kama kawaida. Ofisa wa mpakani akaomba ya ng'ambo, akapewa, akanywa, akaendelea na habari zake za mpira. Wengine wakaomba buni. Mchuuzi wa mchele akaomba ya milimani, akapiga funda, akafumba macho, akawageukia wenzake akasema, "Hii sasa ndiyo yenyewe. Mtu hawezi kunidanganya mimi kwa milimani." Akaomba kingine.

Na mimi nilitumiwa yangu, kwenye chupa ya chai safari hiyo, kwa kuwa dirisha lilikuwa bado limefungwa. Niliona ina harufu. Nikailaumu chupa. Niliisugua kwa majivu kesho yake nusu ya asubuhi, nikaianika juani, na nikamwomba mkewe radhi kwa kumrudishia chupa chafu. Ndipo aliponiambia kilichokuwa ndani ya madele yote matatu.

Nilitegemea mumewe angewatangazia. Nilitegemea fedheha kubwa, yule mchuuzi akimbie, tucheke mwaka mzima. Yeye alikusanya vikombe tu, akavisuuza. Alichoka tu, naona; maana angewaambia nini? Kwamba miaka yote ile walikuwa wanakuja kwa ajili ya benchi? Walikuwa watu wazuri, walimpenda. Angempa yeyote kati yao maji ya moto meusi angeyanywa kwa ajili yake. Hilo lilikuwa jambo baya kuliko kama wangemchukia.

Baada ya hapo likabaki dele moja. Mtu akisema nipe kahawa, alipewa. Akataka sukari, sukari ilikuwepo. Mchuuzi wa mchele alilalamika kwamba sukari inaharibu, na hakuna aliyemsikiliza. Haikupita muda mrefu yule bwana akafunga kabisa, na tukasikia amepata kazi kwenye kampuni moja ya malori, huko huko juu. Walimchukua kwa sababu ya jina lake. Mkewe alimfuata, nyumba ikapangishwa kwa mtu wa kuuza betri na redio. Moshi ukaisha. Nguo nilizoshona zikaacha kunuka kahawa, na wateja wangu wawili watatu walilalamika.

Nilimwona tena mara moja. Mimi husafiri kwa sababu ya misiba tu, na marehemu wa mara hiyo, shangazi yangu, alikuwa na uungwana wa kufia Tukuyu na si mbali zaidi. Wakati wa kurudi gari letu lilisimama kwenye kituo cha kununulia kahawa, dereva ana mzigo wa kupakia. Nikashuka kunyoosha miguu. Yeye alikuwa amekaa kwenye sanduku kando ya mizani, ndani ya koti kubwa la mitumba lililommeza, kofia ile ile, na nyuma yake lundo la kahawa kwenye turubai linalofika kifuani.

"Dirisha," alisema. "Nani amekufungua?"

Nikamwamkia, nikamuuliza na habari za mama, yaani mkewe, akasema mama mzima. Hatukupata nafasi ya zaidi, foleni ilikuwa ndefu. Kazi yake ilikuwa hii: mkulima analeta gunia, yeye anachota, anang'ata punje moja kupima ukavu, anatema, anaitikia kwa kichwa, mwenye mizani anapima, vijana wanamwaga lundoni. Gunia baada ya gunia. Hakuwa anatazama nyuso.

Kisha akaja mzee mmoja mwembamba amebeba gunia lake mwenyewe, hakutaka vijana wamsaidie. Akalitua miguuni pa Muuza Kahawa. Nilijua ni nani alipofungua mdomo tu.

"Shemeji," alisema. "Dada alinieleza yaliyokupata huko chini. Hii nimekuoshea wewe. Nimelitoa pipa kwa ng'ombe."

Muuza Kahawa alifungua gunia. Hata mimi niliona. Punje zilikuwa nyeupe kama maziwa, safi, zinasikika zikigongana kama shanga, na zile za lundoni nyuma yake zilikuwa na madoa kama mdomo wa mvuta tumbaku. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Akauacha humo. Mwenye mizani akamkumbusha foleni. Akatoa punje moja, akaing'ata, akatafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko inavyohitajika kupima ukavu.

"Ikoje?" shemeji aliuliza.

"Imekauka."

"Najua imekauka. Ikoje?"

Alimwambia mwenye mizani apime. Shemeji akasema kwamba haikuja kupimwa, amemletea yeye, aende nayo nyumbani. Muuza Kahawa akarudia, apime, na alipwe bei ya watu wote. Kijana akalishika gunia pembe mbili, akalinyanyua, akaimwaga. Ile nyeupe ikatambaa juu ya lundo, ikakaa hapo kidogo ikiwa peke yake. Mwingine akaja na koleo, akaigeuza.

Shemeji alilikunja gunia lake tupu, taratibu, mara mbili, akaliweka kwapani. Hakuzipokea fedha, ziliwekwa juu ya mizani na mwenye mizani akabaki akizitazama. Akaondoka bila kuaga, na kwa shemeji wa Kinyakyusa kumwacha shemeji yake bila kuaga si jambo dogo.

Mimi sikuweza kunyamaza, sijawahi kuweza. Nikamuuliza ilikuwa mbaya?

Alifuta mkono kwenye koti, kidole kimoja kimoja.

"Ilikuwa kama zamani," alisema. "Ningekwenda nayo nyumbani, mama angeikaanga, ningeinywa. Halafu kesho ningeamka nikitaka nyingine."

Dereva alipiga honi. Mtu aliyefuata kwenye foleni alikuwa ameshafungua gunia lake. Muuza Kahawa akachota, akang'ata, akatema.